Dondoo muhimu: Karavani lako na baridi ya Minnesota

- Maji: Kabla nyuzijoto hazijashuka chini ya 0 Selsiasi, toa maji yote kwenye tangi, mabomba na hita. Maji yakiganda hutanuka na kupasua bomba. Kwenye mabomba tumia dawa ya kuzuia kuganda ya propileni glaikoli. Ya rejeta ya gari huwa na sumu.
- Betri: Ichaji ijae, ing'oe, iweke ndani ya nyumba. Betri ya asidi iliyoishiwa chaji huganda upesi.
- Gesi: Ukilala kwenye karavani, tumia propani. Butani hugoma karibu na nyuzi 0 Selsiasi.
- Hewa: Usiote moto wa jiko la kupikia. Acha tundu la hewa wazi, na king'ora cha kaboni monoksidi kiwe kizima.
- Kuhifadhi: Ondoa vyakula, ziba matundu ya panya, funika kwa turubai linalopitisha hewa.