Yai la Uzazi: Ujira, Gharama au Bei?



Ndugu msomaji, wapo wenzetu wanaosoma Busitema upande wa Uganda na wengine Alupe upande wa Kenya, na mpaka wa Busia huvukwa kwa miguu. Dada anayehangaikia ada ya muhula anaweza kuambiwa kwamba Kampala au Nairobi kuna kliniki inayowalipa wasichana wenye afya wanaotoa mayai yao ya uzazi. Kabla hajauliza ni shilingi ngapi, yapo mambo matatu ya kuyajua.

1. Anachopitia mtoaji

Mtoaji huchomwa sindano za homoni kila siku, kwa kawaida kwa siku 10 hadi 14, ili mayai mengi yakomae kwa pamoja badala ya moja la kila mwezi. Katika siku hizo hupimwa damu na kupigwa picha za ultrasaundi mara kadhaa. Mwishoni hupewa dawa ya usingizi, na mayai huvutwa kwa sindano inayopitishwa ukeni. Wengi hupona haraka. Lakini wapo ambao ovari huvimba na tumbo kujaa maji, na wapo wanaovuja damu au kupata maambukizi.

Kutoka Busia hadi Kampala ni kama kilomita 200. Ongeza nauli za safari kadhaa, malazi, vipindi vilivyokosekana na matibabu yakitokea matatizo. Hizo ndizo gharama.

2. Nchi zinasemaje

Huduma hii si ngeni kwetu. Mtoto wa kwanza wa Uganda aliyetungwa nje ya mwili alizaliwa Kampala mwaka 2004, na Kenya ikafuata mwaka 2006. Sheria mahususi ndiyo iliyochelewa. Muswada wa Uganda wa mwaka 2023 uliletwa na Mheshimiwa Sarah Opendi, wakati huo akiwa Mbunge Mwanamke wa Wilaya ya Tororo. Kwa Kenya, muswada wa mwaka 2022 uliletwa na Mheshimiwa Millie Odhiambo.

Kwingineko wamegawanyika. Uingereza hairuhusu kununua yai. Mtoaji hupewa fidia yenye kikomo, iliyokuwa pauni 750 kuanzia mwaka 2012 na kupandishwa mwaka 2024 hadi karibu pauni 1,000. Marekani chama cha wataalamu wa uzazi kiliwahi kushauri kwamba malipo yasizidi dola 10,000. Watoaji wakashtaki kwamba ushauri huo unawapunja, na kesi ikamalizika kwa makubaliano mwaka 2016, viwango hivyo vikaondolewa. Mmoja aliogopa fukara kushawishiwa kwa fedha, mwingine aliogopa mwanamke kutumikishwa kwa bei ya kutupa. Hofu zote mbili zina ukweli.

3. Fikihi inasemaje

Uislamu haukatai mwanamke kulipwa kwa huduma ya mwili wake. Surat At-Talaq, aya ya 6, inaamrisha mama anayenyonyesha baada ya talaka alipwe ujira wake. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alinyonyeshwa na Bi Halima wa Banu Saad, katika desturi iliyokuwa na malipo.

Lakini angalia tofauti. Mnyonyeshaji hujulikana. Maziwa yake huleta undugu, na watoto aliowanyonyesha hawaoani. Yai hubeba nasaba yenyewe, na mara nyingi mtoaji hufichwa. Mtoto atakua bila kumjua mama aliyetoa yai wala ndugu zake wa damu, na anaweza kuoa maharimu wake bila kujua. Ndiyo maana Baraza la Fikihi la Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilikubali mbegu ya mume na yai la mke wake likirudishwa katika tumbo lake, na likakataza kumwingiza mtu wa tatu. Baadhi ya wanazuoni wa Kishia, hasa Iran, wameruhusu kwa masharti. Msimamo wa jumla wa wanazuoni wa Kisunni ni kukataza.

Kwa hiyo swali la halali linatangulia swali la bei. Ada haigeuzi hukumu, na kuliita malipo "zawadi" hakubadilishi kitu.

Hata hivyo, tusiishie hapo. Binti aliyekwisha kufanyiwa haya na akaumia, haki yake haifutiki. Aliyemsababishia madhara ana dhamana ya kumtibu. Wakala aliyemficha hatari amemdhulumu. Na jamaa waliomwacha ahangaikie ada peke yake hadi akafika huko, wana la kujibu mbele ya Allah. Anayekuja kwetu akiwa na maumivu apelekwe hospitali kwanza, maswali baadaye.

Wanandoa wasiojaliwa watoto nao wasibezwe. Surat Ash-Shura, aya ya 49 na 50, inatukumbusha kwamba mtoto ni kipawa cha Allah na ugumba ni kadari yake. Njia ya tiba kwa mayai na mbegu zao wenyewe iko wazi.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Nini tofauti ya ujira, fidia ya gharama na bei?
2. Wanafunzi wa sheria: sheria imlindeje mtoaji anayevuka mpaka?
3. Mfuko wetu wa sadaka unamfikiaje dada mwenye deni la ada kabla wakala hajamfikia?

Wallahu a'lam.