Bitiruti Asubuhi: Chakula Chema, si Badala ya Vidonge

Wengi huamini kuwa bitiruti huongeza damu kwa kuwa ni nyekundu. Rangi hiyo haitokani na madini ya chuma: gramu 100 zina takribani miligramu 0.8 tu za chuma, ilhali mjamzito huhitaji miligramu 27 kwa siku. Ubora wake umo katika foleti na nyuzinyuzi.

Chemsha bitiruti pamoja na maganda ili rangi isipotee, hadi zilainike. Zimenye, ziponde, kisha uzikande na unga wa chapati. Kula chapati hizo kwa maharage, yenye chuma zaidi, na kachumbari yenye ndimu. Vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma. Chai hupunguza ufyonzwaji huo, hivyo inywewe baada ya saa moja au zaidi. Vipande vilivyobaki, vikikamuliwa ndimu, ni kitafunwa kizuri cha saa nne.

Mkojo waweza kuwa mwekundu bila madhara. Hali hiyo ikizidi siku mbili, nenda kituo cha afya. Mgonjwa wa figo apate ushauri kwanza, kwani bitiruti ina potasiamu nyingi. Mjamzito asiache vidonge alivyopewa kliniki.