SOMO: KUCHAGUA MAUA YA KUPAMBA KANISA



Kila Jumamosi jioni, katika makanisa yetu mengi, akina mama na vijana huingia na ndoo, visu na mafungu ya maua ili kuitengeneza nyumba ya Mungu kwa Misa ya kesho yake. Ni kazi njema. Lakini mara nyingi Jumapili asubuhi, kabla hata Injili haijasomwa, maua yamekwisha inamisha vichwa. Ndipo watu husema, "Maua ya kwetu hayafai. Tununue ya dukani, au tuweke ya plastiki tupumzike." Mchango wa maua huongezwa, na mama asiye na fedha huanza kukaa kando, akidhani kwamba hana cha kumtolea Bwana.

Katika somo hili twataka kuonyesha kwamba maua ya uani kwetu Songea yanafaa sana, ikiwa tutajua kuyachagua. Ua la kupambia lisichaguliwe kwa rangi peke yake. Swali la kwanza na liwe hili: likikatwa, litasimama kwa muda gani?

1. MAANDIKO YATUFUNDISHA NINI?

Someni Kutoka 25:31-36. Mungu alipomwagiza Musa kutengeneza kinara cha taa, aliagiza kipambwe kwa mfano wa maua ya mlozi. Someni tena 1 Wafalme 6:29 na 7:19. Hekalu la Sulemani lilichorwa maua yaliyofunuka katika kuta zake, na vichwa vya nguzo zake vilifanywa kwa mfano wa mayungiyungi. Basi, kupamba kwa maua si anasa iliyozushwa juzi.

Kwa upande mwingine, Isaya 40:6-8 yatukumbusha kwamba ua hunyauka, bali Neno la Mungu ladumu. Ua halisi hutuhubiria jambo ambalo la plastiki haliwezi kutuhubiria: kwamba uzima wetu ni mfupi na ni zawadi. Lakini hii si sababu ya kuliacha linyauke kwa uzembe wetu kabla ya saa yake.

2. UA LILILOKATWA LAISHIJE?

Ua likiwa mtini hupata maji kutoka mizizini kupitia mirija myembamba iliyo ndani ya kikonyo. Tukilikata, mizizi imekwenda, lakini petali na majani huendelea kupoteza maji hewani. Kwa hiyo ua lazima linywe kwa kikonyo chake peke yake. Mambo matatu hulizuia lisinywe:

(a) Hewa huingia katika mirija mara baada ya kukata, ikaziba njia.
(b) Vijidudu huzaliana katika maji machafu, navyo huziba mirija.
(c) Utomvu wa baadhi ya mimea huganda penye jeraha.

Tukiyaelewa haya matatu, kanuni zote zitakazofuata zitakuwa rahisi kukumbuka.

3. MAUA YA KUEPUKA

Yako maua yanayopendeza sana mtini ambayo hayafai chomboni. Ua la haibiskasi hufunuka asubuhi na kujifunga siku hiyo hiyo, hata likiwekwa katika maji. Likikatwa Jumamosi, Jumapili halina kitu. Bogenvilia na maua mekundu ya mkrismasi hulegea upesi yakikatwa. Jakaranda hudondosha maua yake sakafuni moja baada ya jingine. Haya yote tuyaache uani yapambe njia ya kuingilia kanisani.

Mengine ni hatari. Oleanda ina sumu katika sehemu zake zote, hata utomvu wake. Kadhalika yale maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta. Tusiwape watoto kuyabeba, wala tusiyaweke karibu na meza ya mkate na divai.

4. MAUA YANAYOFAA, NA WAKATI WA KUYAKATA

Kila ua lina umri wake wa kukatwa. Tuyatazame moja moja:

Waridi: Likatwe likiwa tumba lililoanza kulegea na kuonyesha rangi. Likikatwa likiwa limefumba kabisa, huenda lisifunuke. Likikatwa limekwisha funuka lote, litapukutika upesi.

Gladiola: Ikatwe pale maua mawili ya chini yanapofunuka. Yaliyobaki yatafunuka kuelekea juu siku hadi siku, ukiondoa ya chini yaliyonyauka.

Dalia: Ikatwe ikiwa karibu kufunuka yote, kwa kuwa tumba lake halifunuki tena chomboni.

Zinia: Ikatwe ikiwa imefunuka kabisa. Shikeni kikonyo chini kidogo ya ua, mkitikise polepole. Ua likiyumba kama shingo ya mtu mwenye usingizi, bado halijakomaa. Kikonyo kikisimama imara, kateni.

Marigoldi: Ikatwe imefunuka kabisa. Ni ua la maskini na la tajiri, hudumu sana likitunzwa. Majani yake yaondolewe yote yatakayozama, maana huoza na kunuka vibaya.

Alizeti: Ikatwe petali zake zinapoanza kuinuka kutoka usoni.

Poinsetia: Ile rangi nyekundu si maua bali ni majani. Ikikatwa hutoa utomvu mweupe. Chomeni ncha ya kikonyo kwa moto kwa kitambo kidogo tu, utomvu ukome, kisha itieni majini.

Mayungiyungi yenye chavua ya rangi ya chungwa yaondolewe chavua hiyo mara yanapofunuka, kwa sababu ikianguka juu ya kitambaa cheupe cha altare haitoki kwa urahisi.

Franjipani hayana kikonyo kirefu. Yaelezeni juu ya maji katika bakuli pana, karibu na kisima cha ubatizo, yatatoa harufu nzuri.

5. KUKATA NA KUTUNZA

Kateni alfajiri au jioni, kamwe si mchana wa jua kali, kwa kuwa wakati huo mmea umekwisha poteza maji mengi. Nendeni bustanini na ndoo ya maji mkononi, ili ua litoke mtini na kuingia majini mara moja. Tumieni kisu kikali, mkate kwa mshazari. Kikonyo kilichopondwa na kisu butu hakinywi vizuri.

Mkifika, ondoeni majani yote yatakayokuwa ndani ya maji. Kisha acheni maua katika ndoo yenye maji mengi, mahali pa baridi na giza, kwa saa kadhaa, na ikiwezekana usiku mzima, ndipo yapangwe. Ndiyo sababu ni afadhali kukata Ijumaa jioni na kupanga Jumamosi.

Vyombo vioshwe kwa sabuni kabla ya kutumiwa. Ua likiwekwa katika chombo chenye utelezi wa wiki iliyopita, limekwisha hukumiwa. Wengine hutia sukari majini. Sukari ni chakula cha ua, lakini pia ni chakula cha vijidudu. Ukiitia, weka na matone machache ya dawa ya kung'arisha nguo. Usipokuwa nayo, acha sukari, badili maji kila siku, na ukate tena ncha ya kikonyo.

Kuyashikilia maua hatuhitaji sponji ya kununua. Kipande cha waya wa banda la kuku, kikikunjwa na kushindiliwa chomboni, hufanya kazi hiyo miaka mingi.

Jambo moja zaidi, hasa siku ya Sikukuu ya Mavuno. Ndizi na matunda mengine yanayoiva hutoa hewa iitwayo ethilini, ambayo huyazeesha maua mapema. Mikungu ya ndizi iliyoiva na iwekwe upande mmoja, na maua upande mwingine.

6. MAUA YA KUNUNUA

Hatukatazi kununua. Lakini tujue tunanunua nini. Maua mengi ya biashara katika nchi yetu hulimwa Arusha na Kilimanjaro, na kwa jirani zetu wa Kenya, Naivasha. Kutoka Arusha hadi Songea kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000. Waridi lililosafiri hivyo bila ubaridi limekwisha tumia sehemu kubwa ya maisha yake njiani.

Kabla ya kulipa, bonyezeni waridi polepole chini ya petali. Likiwa gumu, ni bichi. Likiwa laini, limechoka. Tazameni pia majani kama yamekauka, na vikonyo kama vina utelezi. Marigoldi iliyokatwa leo alfajiri nyuma ya jiko itasimama kuliko waridi la namna hiyo.

7. TUTAZAME KALENDA YA KANISA NA YA MVUA

Kwa desturi ya wengi wetu, wakati wa Majilio na Kwaresima altare huachwa bila maua, au huwekwa majani mabichi tu. Hapo bustani hupumzika na sisi hupumzika. Krismasi na Pasaka hutaka maua meupe na ya manjano. Pentekoste na siku za mashahidi, mekundu. Padre wa mtaa aulizwe daima, kwani yeye ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mapambo ya altare.

Mkumbuke pia walioketi nyuma kabisa. Katika kanisa lenye mwanga hafifu, rangi ya zambarau iliyokoza na bluu hupotea, bali nyeupe na njano huonekana. Na shada lisiwe kubwa kiasi cha kuuficha msalaba au uso wa Padre.

Kwetu Songea mvua huanza karibu na Novemba au Desemba na kuisha karibu na Aprili. Zinia huchanua kama wiki 8 hadi 10 baada ya kupandwa. Basi anayetaka maua ya Pasaka apande mbegu katikati ya Januari, naye atasaidiwa na mvua. Anayetaka ya Krismasi apande mwanzoni mwa Oktoba, amwagilie kwa maji yaliyosuuzia vyombo.

8. MASHADA YA MAZISHI NA UKUMBUSHO

Shada la kaburini halina maji. Kwa hiyo chagueni maua magumu kama marigoldi na zinia, pamoja na majani mazito yasiyolegea upesi. Yatayarisheni kwa kuyanywesha usiku kucha kabla ya kuyafunga. Kanuni ni hiyo hiyo kwa mashada ya tarehe 27 Februari, siku ambayo mji wetu huwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa hapa mwaka 1906. Ni masika, maua ni tele. Hakuna sababu ya kuwawekea mashujaa plastiki.

9. TUSIIBE PORINI

Wengine wakikosa maua bustanini hukimbilia msituni. Tuwe na kiasi. Milima ya Matogoro ndiko mto Ruvuma unakoanzia, na mimea yake hutulindia maji. Kule Kitulo, katika mikoa ya Njombe na Mbeya, penye maua mengi hata watu wakapaita Bustani ya Mungu, okidi zilichimbwa viazi vyake kwa wingi ili viuzwe Zambia kwa chakula kiitwacho chikanda. Mahali hapo palifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Ua lililong'olewa na mzizi wake halitachanua mwaka ujao. Tukate tulichopanda.

10. HITIMISHO

Someni Marko 12:41-44, habari za mjane na senti zake. Mama mwenye mashina sita ya marigoldi nyuma ya jiko asione haya kuyaleta. Akiyakata alfajiri, akayanywesha vizuri, yatasimama mbele ya Bwana mpaka baraka ya mwisho. Na Misa ikiisha, tusiyaache yaoze. Tuyagawe, yapelekwe kwa wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani, ili nao washiriki uzuri wa siku ya Bwana.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja mambo matatu yanayolizuia ua lililokatwa lisinywe maji. Twaweza kuyazuiaje?
2. Kwa nini dalia na waridi havikatwi katika umri mmoja?
3. Je, katika mtaa wetu yuko mtu aliyeacha kupamba kanisa kwa kukosa mchango? Tumfanyeje?

KAZI YA KUFANYA

Kateni zinia sita. Tatu ziwekwe katika chombo kilichooshwa, zikiwa zimeondolewa majani ya chini. Tatu ziwekwe katika chombo kisichooshwa, na majani yake yote. Zitazameni kila asubuhi kwa siku saba, mwandike mnayoyaona, kisha mwaonyeshe wenzenu Jumamosi ifuatayo.