Dhamana Yenye Mipaka: Mkristo, Uchaguzi na Imani kwa Viongozi

Kijitabu cha elimu kwa umma kwa ajili ya jumuiya, parokia na sharika za Bukoba na Muleba

1. Lengo la kijitabu

Waumini wa Bukoba na Muleba, kama Watanzania wengine, huitwa kupiga kura katika chaguzi za aina mbili kila baada ya miaka mitano. Wa kwanza ni uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao huwapata wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa pamoja na wajumbe wao, na ambao ulifanyika mara ya mwisho tarehe 27 Novemba 2024. Wa pili ni Uchaguzi Mkuu, unaomhusu Rais, mbunge na diwani. Kijitabu hiki hakimwelekezi msomaji achague chama gani wala mgombea yupi, bali kinajibu swali linalotangulia uchaguzi wowote, nalo ni hili: Mkristo amwamini kiongozi wa siasa kwa kiasi gani?

Jibu linalotetewa hapa ni kwamba kiongozi hupewa dhamana, lakini hapewi tumaini. Dhamana ni mamlaka ambayo mtu hukabidhiwa kwa niaba ya wengine, kwa muda maalumu na kwa masharti, naye hutakiwa kuitolea hesabu. Tumaini, kwa maana ya kuweka maisha na wokovu wa mtu mikononi mwa mwingine, ni la Mungu peke yake. Anayechanganya mambo haya mawili huishia ama kumsujudia kiongozi au kuichukia siasa yote siku kiongozi huyo anapomwangusha.

2. Maandiko yanafundisha nini kuhusu mamlaka

Andiko linalotajwa mara nyingi wakati wa uchaguzi ni sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, ambamo Mtume Paulo anawataka waumini watii mamlaka zilizopo kwa kuwa zimewekwa na Mungu. Andiko hilo husomwa nusu linapokomea kwenye utii, kwa sababu Paulo huyohuyo anaendelea kumwita mtawala mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema, na mtumishi ana bwana wake na kazi aliyopangiwa. Katika sura ya 5 ya Matendo ya Mitume, mitume wanapokatazwa kuhubiri, wanaliambia baraza la wakuu kwamba utii kwa Mungu unatangulia utii kwa wanadamu. Utii wa Mkristo kwa serikali, basi, ni wa kweli, lakini una mpaka.

Agano la Kale linaeleza mpaka huo kwa upande wa mtawala mwenyewe. Katika sura ya 8 ya Samweli wa Kwanza, wazee wa Israeli wanapodai mfalme kama mataifa mengine, Samweli anawaonya mapema kwamba mfalme huyo atawachukua vijana wao, mashamba yao na sehemu ya mavuno yao. Sura ya 17 ya Kumbukumbu la Torati inamkataza mfalme kujilimbikizia farasi, wake, fedha na dhahabu, na inamwagiza awe na nakala ya sheria na kuisoma siku zote ili moyo wake usijiinue juu ya ndugu zake. Samweli naye, katika sura ya 12 ya Samweli wa Kwanza, anapokabidhi uongozi anasimama mbele ya umma na kuwataka watu waseme hadharani kama aliwahi kuchukua ng'ombe au punda wa mtu au kupokea rushwa. Zaburi ya 146 inafunga hoja hiyo kwa kuwakanya waumini wasiwategemee wakuu, ambao ni wanadamu wanaokufa na mipango yao ikafa nao.

Mafundisho haya hayamfukuzi Mkristo katika siasa. Yethro, katika sura ya 18 ya Kutoka, anamshauri Musa achague viongozi wenye uwezo, wacha Mungu, wakweli na wanaochukia mapato ya dhuluma, na sifa hizo nne zinafaa kupima mgombea wa kitongoji sawasawa na mgombea wa urais. Muleba yenyewe ina mfano wa kuonyesha kwamba imani na siasa zinaweza kukaa pamoja: Barbro Johansson, mwalimu wa misheni ya Kilutheri kutoka Uswidi aliyefika Bukoba mwaka 1946 na kuwafundisha wasichana Kashasha, alijiunga na chama cha TANU, akachukua uraia wa Tanganyika na akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza katika Bunge la nchi hii.

3. Historia iliyo karibu

Hatari ya kumpa mtawala tumaini badala ya dhamana ina kumbukumbu mbili zinazogusa eneo hili moja kwa moja.

Ya kwanza inatoka Ujerumani. Misheni ya Betheli, iliyoanza kazi Bukoba mwaka 1910 na kuchangia chimbuko la Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ilifungamana na taasisi za Betheli zilizoongozwa na Friedrich von Bodelschwingh. Mwezi Mei 1933 mchungaji huyo alichaguliwa kuwa askofu wa kitaifa wa Waprotestanti wa Ujerumani, lakini kabla ya mwezi mmoja kupita mbinyo wa wafuasi wa Adolf Hitler ulimlazimisha kujiuzulu, na nafasi hiyo ikaenda kwa Ludwig Müller, mtu wa Hitler. Wakristo wengi walikuwa wakimtazama Hitler kama mkombozi aliyetumwa na Mungu kuinua taifa lao. Wachache waliopinga walikutana Barmen, na tarehe 31 Mei 1934 wakatoa Azimio la Barmen, ambalo lilikataa fundisho kwamba dola inaweza kuwa mwongozo pekee wa maisha yote ya mwanadamu.

Ya pili inatoka ng'ambo ya mpaka. Idi Amin alipotwaa madaraka Uganda tarehe 25 Januari 1971, umati ulishangilia katika barabara za Kampala, na heshima yake ikaongezeka mwaka huo aliporuhusu mwili wa Kabaka Mutesa urudishwe kuzikwa nyumbani. Miaka sita baadaye, Februari 1977, Askofu Mkuu wa Kianglikana Janani Luwum aliuawa baada ya maaskofu kumwandikia Amin kulalamikia mauaji na uonevu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, na wakazi wa kaskazini mwa Mto Kagera wakayakimbia makazi yao. Kilichokosekana Uganda ni njia ya kumwondoa mtawala bila risasi.

Tanzania nayo ina kumbukumbu ya kura inayomwondoa mkubwa. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, uliofanyika chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walishindanishwa katika majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na baadhi ya mawaziri, akiwemo Paul Bomani aliyekuwa Waziri wa Fedha, walipoteza viti vyao. Kuanzia mwaka 1992 sheria iliruhusu vyama vingi, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa mfumo huo ukafanyika mwaka 1995.

4. Takrima na butura

Takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, iliingizwa katika Sheria ya Uchaguzi mwaka 2000 kama jambo halali, kwa hoja kwamba kumkirimu mgeni ni mila. Mahakama Kuu iliifuta mwezi Aprili 2006 kwa kuona kwamba inafungua mlango wa rushwa na kumwonea mgombea asiye na fedha. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 ikaweka mipaka ya matumizi ya kampeni, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani anayetoa na anayepokea.

Pamoja na hayo, doti ya kanga, kilo ya sukari na noti inayopenyezwa usiku wa kuamkia kura bado vinajulikana, na wapo waumini wanaoviona kuwa haki yao kwa mtu ambaye hawatamwona tena kwa miaka mitano. Wakulima wa Kagera wana jina la biashara ya namna hiyo, nalo ni butura. Katika butura, mnunuzi huja kipindi cha njaa au cha ada ya shule, kahawa ikiwa bado maua mtini, naye humpa mwenye shamba fedha kidogo taslimu. Familia hupalilia, hukata matawi makavu na kulinda shamba kwa miezi, na mavuno yanapoiva mnunuzi huja na magunia yake na kuondoka na yote. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo kwa sababu inamfukarisha mkulima huku akiwa na shamba. Anayeuza kura hufanya butura ya miaka mitano: amekwisha kulipwa, kwa hiyo dawa zikikosekana zahanati au barabara ikikatika, hana tena neno la kumdai aliyemnunua.

5. Madhabahu na vyama

Katiba ya Jamhuri ya Muungano inatenganisha mambo haya kwa pande zote mbili. Ibara ya 19 inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, na Ibara ya 20 inakataza kusajiliwa kwa chama cha siasa chenye lengo la kukuza maslahi ya imani au kundi la dini. Kanisa Katoliki, kwa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, haliwaruhusu mapadre kushika nyadhifa za utawala wa kiserikali.

Mpaka huu huvunjwa mara nyingi siku ya harambee. Mgombea hualikwa kuwa mgeni rasmi wa changizo la mabati, hukalishwa kiti cha mbele, bahasha yake hutangazwa kwa kipaza sauti kabla ya baraka, kisha hupewa nafasi ya kusalimia, na salamu hizo hugeuka kampeni. Mchango wa muumini yeyote ni halali. Kisichofaa ni kuufanya tangazo. Baraza la parokia au la usharika linaweza kuamua mapema kwamba katika miezi ya kampeni michango ya wagombea ipokelewe kama sadaka ya kawaida, bila kutajwa jina na bila hotuba.

Kutoegemea chama hakumaanishi kunyamaza. Tamko la Bagamoyo la KKKT la mwaka 1994 lilizungumzia demokrasia na haki za binadamu wakati mfumo wa vyama vingi ukiwa mchanga, na mwaka 2018 maaskofu Wakatoliki katika ujumbe wa Kwaresima, na maaskofu wa KKKT katika waraka wa Pasaka, walizungumzia kubanwa kwa uhuru wa kisiasa. Nyaraka hizo hazikumnadi mgombea yeyote. Zilikumbusha masharti ya dhamana.

6. Kura inapokatisha tamaa

Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanyika CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, kikiwa nje ya kinyang'anyiro, na siku hiyo kulitokea maandamano, vurugu na vifo, huku intaneti ikizimwa. Baada ya hapo waumini wengi huuliza kama kupiga kura kuna maana yoyote. Swali hilo ni halali, na halijibiwi kwa kuwaambia watu waombe tu. Waraka wa Kwanza kwa Timotheo unaagiza sala kwa ajili ya wenye mamlaka, lakini nabii Nathani alimwendea Daudi uso kwa uso juu ya damu ya Uria, na Eliya alimkabili Ahabu juu ya shamba la Nabothi. Kumwombea kiongozi na kumdai ukweli na haki kwa waliokufa ni kazi mbili za imani moja.

Dhamana, tena, haidaiwi kwenye sanduku la kura peke yake. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake, hupaswa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu, na ndipo mapato na matumizi ya kijiji husomwa. Jumuiya inayohudhuria mkutano huo, ikauliza kwa heshima fedha za darasa zimefikia wapi na ikataka jibu liandikwe katika muhtasari, inamtendea mwenyekiti wake kama Israeli ilivyomtendea Samweli.

7. Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Kati ya sifa nne za Yethro, ni ipi husahaulika zaidi wagombea wanapojadiliwa katika kijiji au mtaa huu?
2. Ahadi zipi zilitolewa hapa katika kampeni zilizopita, na nani anazo kwa maandishi?
3. Mkutano mkuu wa kijiji uliitishwa lini mara ya mwisho, na wanajumuiya wangapi walihudhuria?
4. Parokia au usharika utaweka utaratibu gani wa kupokea michango ya wagombea kabla ya kampeni nyingine kuanza?
5. Wanajumuiya waliochagua vyama tofauti watafanya nini ili waendelee kusali, kuzikana na kusaidiana baada ya matokeo kutangazwa?