Kesi Imekwisha: Soma Karatasi Yako

Ndugu wasomaji, wengi wenu mna vijana walioko Dar es Salaam. Wapo wanaobeba mizigo Kariakoo, wapo wanaouza soksi na mikanda barabarani, wapo wanaosukuma mikokoteni. Wengine wamerudi kijijini kimya kimya. Ukiwauliza kwa nini wamerudi, wanajibu, "Mji mgumu tu." Mara nyingine ndani ya huo ugumu wa mji kuna habari ya polisi na mahakama, na mtu anaona haya kuisema. Leo tutaisoma habari hiyo.

Tulikwenda Dar es Salaam kuchukua vitabu vya kisomo kutoka Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Tulipata maboksi sita. Ilibidi tuyapeleke kwenye Fuso linalopakia mizigo ya mikoani, upande wa Gerezani, basi tukatafuta mtu wa mkokoteni. (Gerezani ni jina la mtaa pale karibu na Kariakoo. Mtu akisema "naishi Gerezani", wageni hushtuka, wenyeji hucheka.) Tulimpata ndugu mmoja, mtu wa Lindi, umri wake kama miaka 35 hivi. Tulipofika njiani aliliangalia boksi la juu, akasoma kwa sauti, polepole: "Ki-so-mo." Tukamsifu. Akasema amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni, mwaka wa pili sasa.

Kisha akasimamisha mkokoteni kivulini. "Walimu, samahani. Karatasi ya mahakama mnaweza kuisoma?"

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imefungwa kwenye nailoni. Ameitunza tangu mwaka 2014. Mwaka huo alikamatwa usiku, amelala kwenye kibaraza cha duka Mtaa wa Kongo, kwa kuwa hakuwa na pango. Alikaa mahabusu wiki tatu. Akapandishwa kizimbani, akasomewa maneno ambayo hakuyaelewa vizuri kwa woga, akaambiwa aende zake ila asirudie. Binamu yake ndiye aliyefuatilia nakala ya hukumu. Karatasi hiyo hakuna aliyemsomea sawasawa, na yeye mwenyewe wakati ule hakujua hata herufi.

Tangu siku ile alijihesabu kuwa mfungwa. Kitambulisho cha Taifa hakuomba. Kura hakupiga hata mara moja. Wenzake wa mikokoteni walitaka awe mtunza fedha wa kikundi chao, akakataa, akasema wampe mtu mwingine. Nyumbani kwao wazazi wa binti aliyetaka kumwoa waliposikia habari za "jela", wakarudisha barua ya posa.

Na kulikuwa na jambo jingine. Mtu mmoja mwenye tai na mkoba alikuwa amemwambia kwamba anaweza "kulifuta jina lake kwenye kompyuta ya serikali" kwa shilingi laki tatu. Alikwisha mpa laki moja. Laki mbili zilizobaki zilitakiwa siku ya Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Tukasoma naye. Juu kabisa palikuwa na maneno "Shauri la Jinai", na namba, na mwaka. Namba hiyo msiidharau. Karatasi ikipotea au ikiliwa na mchwa, mwenye namba ya shauri na mwaka anaweza kwenda kwa karani wa mahakama ile ile akaomba nakala nyingine. Asiye na namba atazungushwa sana. Iandikeni mahali pengine pia, hata nyuma ya daftari la shule la mtoto.

Chini ya namba palikuwa na shtaka. Hakushtakiwa kwa wizi. Lilikuwa shtaka la uzururaji. Na mwisho kabisa, juu ya saini ya hakimu, tulikuta mstari mmoja. Tulimwachia ausome mwenyewe, akauchukua neno kwa neno: mshtakiwa anaachiwa kwa sharti la kutotenda kosa jingine kwa muda wa miezi 12.

"Sharti lilikwisha lini?" tukamwuliza.

Akahesabu kwa vidole. "Mwaka 2015."

"Umefungwa lini?"

Akanyamaza kidogo. "Nilikaa mahabusu."

Ndugu wasomaji, hapa ndipo penye somo lenyewe. Mahabusu si mfungwa. Mahabusu ni mtu anayengoja kesi yake iishe. Anaweza kulala humo humo gerezani, Keko au Segerea, akala chakula kile kile, lakini bado hajahukumiwa. Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 13, inakataza kumtendea mtu aliyeshtakiwa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba analo. Kule kijijini sisi tunasema "katoka jela" kwa wote, bila kubagua. Kwa kusema hivyo tunampa mwenzetu adhabu ambayo hakimu hakumpa.

Yapo maneno mengine yanayofanana kwa sauti na kutofautiana sana kwa maana. Chukueni "kuachiwa" na "kuachiwa huru". Mtu akiachiwa huru, maana yake mahakama imepima ushahidi ikaona kosa halikuthibitika. Hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lile lile. Lakini upande wa mashtaka ukiiondoa kesi kabla mshtakiwa hajaanza kujitetea, mara nyingi huyo ameachiwa tu, na wakipata ushahidi wanaweza kumkamata tena. Neno moja, "huru", lina uzito wa kilo mia. Litafuteni kwenye karatasi. Kama mtu alitozwa faini na akailipa, atafute stakabadhi yake aibane pamoja na hukumu, kwa sababu hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba hadaiwi.

Zamani mtu aliweza kusema, "Hukumu imeandikwa Kiingereza, mimi nitajuaje?" Mahakama za Mwanzo zimetumia Kiswahili siku zote, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo mwenye kujua kusoma anacho kifaa mkononi.

Sasa tuseme na wale waliofungwa kweli, maana wapo, na ni ndugu zetu. Hapa lazima tuseme wazi, hata kama si habari ya kufurahisha. Nchini Uingereza ilitungwa sheria mwaka 1974. Kwa sheria hiyo, mtu aliyemaliza adhabu yake akakaa miaka kadhaa bila kosa, kwa makosa mengi hukumu yake huhesabiwa kuwa imekwisha, na katika mambo mengi halazimiki kuitaja. Kwetu Tanzania hatuna sheria ya namna hiyo ya kufuta hukumu za watu wote baada ya muda. Hakuna dirisha la kulipia ukafutwa. Anayekwambia lipo anakuuzia hewa. Watu wa Dar es Salaam wanawaita watu hao vishoka, na vishoka hupenda sana kusimama karibu na mahakama.

Hukumu huondolewa na mahakama ya juu, kwa rufaa. Kutoka Mahakama ya Mwanzo unakata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, unatoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe unaileta ndani ya siku 45. Siku ulizongoja nakala ya hukumu hazihesabiwi katika hizo 45. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, lakini atoe sababu ya kweli. Kusema "nilisahau" hakutamsaidia.

Uko pia msamaha wa Rais, kwa Ibara ya 45 ya Katiba. Tarehe 9 Desemba 2019 walisamehewa wafungwa 5,533, na tarehe 26 Aprili 2021 wakasamehewa 5,001. Msamaha wa siku kuu kwa kawaida humpunguzia mtu kifungo, akatoka mapema. Hausemi kwamba hakutenda kosa. Aliyetoka kwa njia hiyo aitunze karatasi yake ya kutokea gerezani, maana askari au mwenyekiti akimwuliza kama ametoroka, ndiyo itakayomjibia.

Na akishatoka? Anapiga kura kama mwananchi mwingine mwenye miaka 18. Kitambulisho cha Taifa anaomba. Pale swali ni uraia wako. Analima, anauza, anabeba, anafungua genge. Kwa ubunge Katiba inaweka vizuizi kwa baadhi ya waliofungwa kwa makosa ya kukosa uaminifu, na kazi nyingi za serikali huuliza habari ya kifungo. Wengi wetu hatuombi ubunge.

Kazi za kuajiriwa ndizo zenye mwiba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ulemavu na mambo mengine kadhaa. Kufungwa zamani hakukutajwa katika orodha ile. Kwa maoni yetu hilo ni pengo, na linawaumiza watu waliokwisha lipa deni lao. Mwajiri anaweza kuuliza, na wengine hudai hati ya polisi ya tabia njema, ambayo hutolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Ukiulizwa kwa fomu, usiandike uongo, kwa kuwa uongo unaweza kuzaa kesi mpya. Kama ulikwisha ajiriwa na ukafukuzwa isivyo halali, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Zikipita, utaanza kwanza kuomba radhi ya kuchelewa.

Turudi kwenye uzururaji, maana ndilo shtaka linalowanasa vijana wetu wasio na pa kulala. Makosa haya yamo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na mizizi yake ni ya wakati wa Waingereza. Wazee wetu watakumbuka pia Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, watu walipokamatwa mitaani Dar es Salaam wakapelekwa vijijini, hata wengine waliokuwa na shughuli zao. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria zinazomwadhibu mtu kwa sababu hana makao wala kazi zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zizirekebishe au zizifute. Yale yalikuwa maoni ya ushauri. Hayamtoi mtu rumande asubuhi yake. Lakini mwanasheria wako anaweza kuyataja.

"Mwanasheria nitampata wapi, na mimi sina kitu?" Swali hilo ndugu yetu wa mkokoteni alituuliza hivyo hivyo. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kwa sheria hiyo mtu asiye na uwezo husaidiwa bure na watoa msaada waliosajiliwa. Wamo mawakili, wamo pia wasaidizi wa kisheria ambao wengine ni watu wa kata zenu. Msaidizi wa kisheria anakusomea, anakuandikia, anakuelekeza. Kukusimamia mahakamani si kazi yake, na kukutoza pesa hana ruhusa. Mwulizeni kama amesajiliwa. Asiyetaka kuulizwa, mwacheni. Hata aliye mahabusu au kifungoni anaweza kuomba msaada huo kupitia mkuu wa kituo au wa gereza.

Dar es Salaam kipo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichoanzishwa mwaka 1995. Kipo Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, na Chama cha Wanasheria Wanawake. Walimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Mlimani walianza kazi hii tangu mwaka 1967. Ninyi mlio vijijini anzeni na ofisi ya ustawi wa jamii au maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu, muulize nani amesajiliwa wilayani.

Ijumaa tulikuwa tumekwisha rudi. Ndugu yule alitupigia simu jioni. Laki mbili hakupeleka. Yule mwenye tai alipoombwa aonyeshe cheti cha kusajiliwa, alisema amekisahau nyumbani, na tangu hapo simu yake haipatikani. Laki moja imekwenda na maji. Yeye na binamu yake walifika kituo cha msaada wa kisheria, karatasi ikasomwa tena, akaambiwa hana adhabu yoyote anayodaiwa. Alijaziwa fomu. Mahali pa saini yule dada wa mapokezi alimsogezea kidau cha wino ili aweke dole gumba. Akaomba kalamu.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Mahabusu na mfungwa wanatofautianaje? Kijijini kwenu mnawaitaje?

2. Mtu amehukumiwa Mahakama ya Mwanzo tarehe 3 Machi. Anataka kukata rufaa. Mwisho wake ni tarehe ngapi?

3. Karatasi inasema "kesi imeondolewa, mshtakiwa ameachiwa". Ni neno gani halimo?

4. Kama nyumbani kwenu ipo karatasi ya mahakama, ileteni darasani mwenye nayo akikubali. Tafuteni namba ya shauri, shtaka, na mstari ulio juu ya saini ya hakimu.