Kufuma kwa Pamoja, na Jinsi ya Kuujua Uzi

Wako wavulana wanaodhani kwamba kufuma sweta ni kazi ya akina mama tu, na kwamba kukaa kikundi kizima na sindano mkononi ni kupoteza wakati. Nataka kuonyesha kwamba sivyo, kisha nieleze jinsi anayeanza anavyofaa kukusanya nyuzi zake.

Tutazame kwanza bonde la Dent, kaskazini mwa Uingereza, nchi ya milima na baridi. Katika karne ya 18 wanaume, wanawake na watoto wa huko walifuma soksi, kofia na glavu za kuuza. Walifuma hata wakitembea njiani. Vijana waliwachongea wachumba wao vijiti vya mbao vya kuchomeka kiunoni ili kushikilia sindano. Jioni za baridi majirani walikusanyika leo nyumba hii, kesho nyumba ile, ili moto mmoja na mwanga mmoja uwatoshe wote. Mikono ilifanya kazi, na masikio yalisikiliza hadithi na nyimbo. Adam Sedgwick, aliyezaliwa huko mwaka 1785 na baadaye akawa profesa wa elimu ya miamba huko Cambridge, aliandika habari za jioni hizo katika uzee wake. Lakini viwanda vilipoanza kutoa soksi kwa bei ndogo, kazi ile ilififia, na mikutano ile ya jioni ikafifia pamoja nayo.

Wala si zamani tu. Katika kisiwa cha Taquile, nchini Peru, mpaka leo wanaume ndio wafumao kofia za sufu, na wavulana hufundishwa tangu utotoni. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi wa kisiwa hicho kuwa urithi wa wanadamu wote.

Faida ya kikundi ni nini? Mtu afumaye peke yake akiangusha kitanzi kimoja, huenda asigundue mpaka amepita mistari ishirini, naye hulazimika kufumua yote. Akiwa na wenzake, jicho la jirani humwokoa mapema. Tena aliyejua kufuma kisigino cha soksi humwonyesha asiyejua kwa dakika chache jambo ambalo kitabu hulieleza kwa kurasa nyingi.

Sasa habari ya uzi. Kila afumaye hupenda uzi mpya, na rangi nzuri dukani humvuta. Lakini uzi uliolala sandukuni ni fedha iliyolala. Basi ayafuate mambo haya manne.

1. Aujue uzi wenyewe. Kama hauna karatasi ya maelezo, achome kipande kifupi kwa uangalifu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Pamba hunuka kama karatasi. Uzi wa kiwandani, kama akriliki, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Sufu huhifadhi joto vizuri, lakini ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa, hugandamana na kusinyaa.

2. Anunue uzi wa nguo nzima kwa mara moja. Madonge yaliyotiwa rangi pamoja huandikwa namba moja. Namba zikitofautiana, mkono mmoja wa sweta waweza kuonekana umefifia kuliko mwingine.

3. Apime kabla ya kuanza. Afume kipande kidogo, ahesabu vitanzi katika sentimeta 10. Akipata 22, sweta ya kifua cha sentimeta 90 inahitaji vitanzi 198. Lakini kama mkono wake ni mlegevu, akapata 20 tu, vitanzi hivyo 198 vitampa sweta ya sentimeta 99, ambayo itampwaya.

4. Asidharau uzi wa zamani. Sweta kuukuu ya sufu yaweza kufumuliwa, uzi ukazungushwa kitata, ukaoshwa, ukaanikwa na kitu kizito kidogo chini yake ili unyooke. Ndipo utumike kama mpya. Sufu yote na ihifadhiwe ikiwa safi, maana nondo hupenda sufu yenye jasho.

Hapa kwetu milimani baridi ya asubuhi yajulikana na wote, na wako wadogo zetu wanaokuja darasani na shati tupu. Wanafunzi sita wakikutana jioni moja kila juma, kila mmoja akimaliza sweta moja kwa muhula, ni watoto sita watakaopata joto. Mashine zaweza kufuma upesi kuliko sisi, lakini haziwezi kumfundisha mdogo wako. Tusipokutana kufundishana, ufundi huu utatoka mikononi mwetu kama ulivyotoka Dent. Nanyi wazee wetu mnaojua kazi hii, tunawaomba mje mtuonyeshe.