Mbwa Wako Akikutwa kwa Jirani

Asubuhi moja, katika ofisi ya serikali ya mtaa huku Manzese, nilikuta watu wawili wanagombea mbwa. Mbwa mwenyewe alikuwa amelala chini ya benchi, kafungwa kamba ya manila shingoni, hana habari. Mmoja alikuwa fundi wa gereji ya kando ya Barabara ya Morogoro, aliyesema mbwa alitoroka usiku wa mvua wiki tatu nyuma. Wa pili alikuwa mama muuza chapati wa Midizini. Yeye ndiye aliyemkuta uchochoroni, kalowa, mguu unachechemea.

"Mama, huyu ni Tyson wangu. Mwite uone."

"Kuitika jina siyo risiti, mwanangu. Kala dagaa wangu siku ishirini."

Mtendaji aliwaacha waseme mpaka wakachoka, kisha akauliza swali moja tu: nani ana kadi ya chanjo? Wote wawili wakatazama sakafu.

Ningependa tuanzie kwenye ule ukimya, maana wengi wetu tunaamini mambo mawili yasiyo kweli. La kwanza, kwamba mnyama akishatoka getini na kukaa kwa mwingine siku kadhaa, basi ameshakuwa wa huyo mwingine. La pili, kwamba aliyemwokota hana chake, ashukuriwe na aende zake.

Mbwa au paka wa kufugwa ni mali. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhesabu mnyama wa kufugwa mwenye mwenyewe kuwa kitu kinachoweza kuibiwa, sawa na baiskeli au simu. Kupotea hakuondoi umiliki. Anayeokota kitu cha mtu akakifanya chake anasalimika na kosa la wizi pale tu ambapo hamjui mwenyewe, na ana sababu ya maana ya kuamini kwamba hawezi kupatikana. Sasa mbwa mwenye mkanda shingoni, anayejulikana gereji nzima, na tangazo lake limebandikwa kwenye nguzo ya umeme mtaa wa pili! Ukimficha huyo, ukamkana au ukamuuza, usije ukasema uliokota. Hapo mwenye mbwa ana haki ya kwenda kituo cha polisi, kufungua shauri la wizi na kupewa RB.

Mama wa chapati naye ana haki yake, na wengi hawaijui. Inatoka kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo sehemu kubwa ilichotwa kwenye sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872. Aliyeokota mali ya mtu na kukubali kuitunza anakuwa kama mtu aliyewekewa amana: lazima aiangalie kama mtu mwenye busara anavyoangalia mali yake. Hawezi kumshtaki mwenye mali kudai gharama alizoingia kwa hiari yake. Ila anaweza kuishikilia ile mali mpaka alipwe gharama hizo. Na kama mwenye mbwa alitangaza zawadi ya kiasi fulani, aliyemleta anaweza kuidai hata mahakamani. Kwa hiyo ukiandika kwenye tangazo "zawadi nono itatolewa" kwa mbwembwe, ukataja na elfu hamsini, ujue umejifunga.

Gharama maana yake gharama. Dagaa, dawa ya jeraha, nauli ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo. Siyo "nipe laki moja au humuoni". Fundi na mama walipiga hesabu pale pale mezani, kwa kalamu ya mtendaji nyuma ya fomu iliyoharibika, wakafika shilingi elfu ishirini na mbili. Fundi alilipa, mama akasaini kwamba amepokea, mtendaji akagonga muhuri. Nilimpenda yule mtendaji. Wengine wangewapeleka polisi wote watatu, na mbwa akiwemo.

Bila kadi, fundi alithibitishaje? Kwa picha za kwenye simu, moja ikimwonyesha mbwa akiwa mtoto, na kovu la sikio la kushoto likionekana wazi. Na vijana wawili wa gereji walikuja kusema wanamfahamu. Ushahidi wa namna hiyo unakubalika, lakini ungemtoa jasho kama mama angebisha. Kadi ya chanjo yenye jina lako, rangi ya mnyama na tarehe inafupisha mjadala. Uingereza mbwa lazima awekewe kifaa kidogo chenye namba chini ya ngozi, na mbwa wa barabarani anashikiliwa na halmashauri siku saba kabla hajapewa mtu mwingine au kuuawa. Nairobi, wakazi wana kituo cha KSPCA, shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama, kule Karen; mtu anakwenda kuangalia kama mbwa wake kapelekwa pale. Sisi wa Manzese tunaanzia kwa mjumbe na mtendaji, kisha afisa mifugo. Na kumbuka barua yako inakwenda Manispaa ya Ubungo. Manzese ilishatoka Kinondoni, ingawa midomo yetu bado haijahama.

Mkishindwa kuelewana, mahakama ya mwanzo ipo, na madai unaandika kwa Kiswahili chako. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama.

Sasa mbwa asiye na mwenyewe. Ukiona mbwa anazurura karibu na shule au genge la samaki, toa taarifa kwa mtendaji wa mtaa na afisa mifugo. Taja mahali, rangi, saa anazopita, na hali yake: anatoa mate mengi, anayumba, anauma vitu hovyo? Andika jina la aliyepokea taarifa na tarehe. Usichukue sumu ukaweka kwenye nyama. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia na inakataza ukatili dhidi yake, na ile nyama uliyotega inaweza kuokotwa na paka wa jirani, au na mtoto. Ukiua kwa makusudi mnyama wa mtu bila sababu ya kisheria, Sura ya 16 inakuhusu.

Mwenye mbwa naye asijifiche nyuma ya haki zake. Sheria hiyo hiyo ya adhabu inamtia hatiani anayeshindwa, kwa uzembe, kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Ukimfungulia mbwa mkali saa kumi na moja alfajiri "anyooshe miguu", akamng'ata mtoto anayekwenda madrasa, usimlaumu mtoto kwa kukimbia.

Na akimng'ata mtu, kila upande una sababu ya kutaka mbwa abaki hai. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mbwa afungiwe na aangaliwe siku kumi chini ya macho ya mtaalamu wa mifugo. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, maana yake siku ile alipong'ata hakuwa akiambukiza kichaa. Akipigwa mawe na umati dakika ile ile, daktari amepoteza jibu, na mwenye mbwa amepoteza mbwa. Lakini chanjo ya mgonjwa isisubiri siku kumi ziishe.

Kampeni za kuchanja mbwa hupamba moto kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Uliza ofisi ya kata wiki mbili kabla, na ukipewa kadi usiibandike ukutani. Yule fundi aliniambia ya Tyson ilikuwepo. Ililowa na mvua ile ile aliyotorokea.